Sanduku la Muziki na Sanduku la Dawa: Lipi Likae Ndani ya Lori?



Katika mikutano miwili iliyopita ya tawi letu, jambo lililochukua muda mrefu kuliko yote halikuwa mshahara wala mabati ya nyumba za kambi. Lilikuwa sabufa, yaani lile sanduku la spika ya sauti nzito ambalo madereva wetu wamelipenda kuweka ndani ya kabini za malori. Wapo waliocheka waliposikia jambo hilo limeletwa mkutanoni. Sisi tuliouona mkono wa kijana wetu utingo, au taniboi kama wengine wanavyomwita, hatukucheka.

Tueleze ilivyokuwa ili kila tawi lijue. Lori la kampuni yetu lilitoka kiwandani hapa magharibi mwa Uganda na shehena ya chai kavu iliyokuwa ikienda mnadani Mombasa. Wote mnajua kwamba mzigo wa namna hiyo hufungwa sili ya forodha, na mwenye kuikata njiani atajieleza mbele ya serikali. Lilipita Malaba, likapita Eldoret, likaanza kupanda miinuko ya Timboroa usiku wa manane, katika baridi na ukungu. Huko tairi moja la trela likapasuka. Utingo akashuka na jeki. Udongo wa kando ya barabara ulikuwa umelowa, jeki ikateleza, na mkono wake ukabanwa chini ya rimu.

Walipoutoa mkono ule, damu ilikuwa ikitiririka. Kijana akauliza, "Mzee, sanduku la dawa liko wapi?" Dereva akajibu kwa neno moja: "Nyuma."

Nyuma maana yake ni ndani ya trela, chini ya magunia ya chai, ndani ya sili. Pembetatu za kuonya magari zilikuwa huko huko. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa huko huko. Dereva alikata matawi ya miti akayatandaza barabarani, akapasua shati lake akaufunga mkono ule, kisha akasimama gizani kupunga tochi mpaka dereva mmoja wa lori la mafuta aliposimama na kuwapa bandeji. Kijana alipoteza vidole viwili. Hatusemi kwamba bandeji ingeviokoa vidole hivyo, kwa sababu hakuna daktari aliyetuambia hivyo. Tunasema kwamba mtu alivuja damu muda mrefu ilhali bandeji zilikuwa hatua chache kutoka aliposimama, na hakuna aliyeweza kuzifikia.

Kwa nini sanduku la dawa lilikuwa nyuma? Kwa sababu mahali pake pa siku zote, chini ya kitanda cha kabini, palikuwa na sabufa mpya ya inchi 12.

WAJIBU WA KILA UPANDE

Baada ya ajali hiyo kampuni ilitoa barua. Barua ilisema redio zote, spika zote na vyombo vyote vya muziki viondolewe katika magari yote ya shamba na ya kiwanda, na dereva akatwe mshahara. Barua haikusema lolote juu ya sanduku la chuma.

Ni sanduku gani hilo? Lori lile lilipokuja lilikuwa na sanduku la chuma ubavuni, kwa nje, lenye kufuli. Jeki, spana, kamba na pembetatu vilikaa humo. Sanduku hilo liliibwa. Madereva waliandika kuomba jingine, wakaandika tena, na mara ya tatu waliambiwa wasubiri bajeti. Tangu siku hiyo vyombo vya lori vilihamia ndani ya kabini, pamoja na blanketi, jiko, dumu la maji na chakula cha safari. Kwa hiyo nafasi ilikuwa imekwisha kabla sabufa haijanunuliwa.

Dereva alikosa. Tumelisema hilo mbele yake, naye amelikiri mkutanoni bila kushurutishwa. Mtu hahamishi dawa ya mwenzake ili apate mahali pa muziki wake. Lakini mwajiri alikosa kwanza, na kosa lake halifutiki kwa barua ya kukataza redio. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006, inapoeleza mahali pa kazi ni wapi, haiishii kiwandani na ofisini. Inazitaja pia kabini za malori na viti vya matrekta. Basi kabini ni mahali pa kazi kama ilivyo sakafu ya mashine za kusokotea chai, na mwenye jukumu la kuhakikisha kuwa vifaa vya usalama vina mahali pake ni mwajiri.

MUZIKI SI ANASA

Tumewasikia wenzetu wachache wakisema, "Basi muziki uondolewe, yaishe." Hatukubaliani nao. Dereva wa safari ndefu anakula ndani ya kabini na analala ndani ya kabini. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100, na siku nyingine foleni ya mpakani huwa ndefu kuliko safari yenyewe. Mchuma majani akirudi kambini jioni ana jirani wa kuzungumza naye. Dereva ana redio yake. Kumnyang'anya hiyo kwa kosa ambalo nusu yake ni la kampuni ni kumwadhibu kwa upweke.

Lakini tusidanganyane pia. Wapo wanaosema mdundo mzito unamkesha dereva asisinzie. Dawa ya usingizi ni kulala. Mwajiri anayetaka dereva wake awe macho na ampe saa za kupumzika, na dereva anayeona macho yanafumba na aegeshe gari. Tunautetea muziki kwa sababu ni burudani ya mtu anayefanya kazi, na hiyo inatosha kuwa sababu.

Kwa hiyo swali la kujadili ni hili: muziki uchukue nafasi kiasi gani, na baada ya kitu gani?

KWA NINI SAUTI NZITO INATAKA SANDUKU

Hapa tumewauliza mafundi na tumejisomea, kwa sababu hoja isiyo na vipimo huishia kwenye kelele.

Spika inapopiga, inasukuma hewa kwa mbele na wakati huo huo inaivuta kwa nyuma. Sauti ya mbele na ya nyuma zikikutana, zile nzito huuana. Ndiyo maana spika ya sauti nzito hufungiwa ndani ya sanduku, ili sauti ya nyuma isije ikaila ya mbele. Lakini hewa iliyofungiwa ndani ni kama springi. Sanduku likiwa dogo, springi inakuwa ngumu, spika inashindwa kucheza, na mdundo wa chini kabisa unapotea.

Huko Marekani mtaalamu Josef Anton Hofmann, mmoja wa watu watatu walioanzisha kampuni ya spika ya KLH mwaka 1957, alieleza jambo hili kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuikumbuka. Mnunuzi anataka vitu vitatu: sauti iteremke chini sana, sanduku liwe dogo, na umeme utumike kidogo. Atapata viwili, na cha tatu atakilipia. Mafundi mpaka leo wanaiita sheria ya chuma ya Hofmann.

Miaka michache kabla yake, mwaka 1954, Edgar Villchur alitoa spika yake ya AR-1 iliyofungwa kabisa bila tundu. Aliifanya ile hewa ya ndani iwe ndiyo springi ya spika, na sanduku dogo likatoa mdundo ambao zamani ulihitaji kabati zima. Alilipa kwa umeme, kwa kuwa spika ile ilihitaji amplifaya yenye nguvu zaidi.

Sasa tuhesabu kwa debe, kipimo ambacho sote tumekishika mikononi. Debe moja ni kama lita 18. Sabufa ya inchi 12 katika sanduku lenye tundu, kama ile ya lori letu, huhitaji nafasi ya kama madebe matatu ndani yake, na ukiongeza unene wa mbao linazidi hapo. Sabufa ya inchi 10 iliyotengenezwa kwa sanduku lililofungwa huweza kutosheka na debe moja. Chukua sanduku ambalo ndani lina urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kina cha 15: zidisha, utapata lita 18 kamili. Kwa mbao za milimita 18, kwa nje litakuwa karibu sentimita 44 kwa 34 kwa 19. Hilo linaingia pembeni mwa kitanda na nafasi inabaki.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wa madukani hawawaambii wateja. Kabini yenyewe husaidia. Mdundo wa mitetemo 40 kwa sekunde una wimbi la urefu wa mita 8 na nusu, na kabini ya lori haifiki mita 3 kwa upande wowote. Wimbi hilo haliwezi kukunjuka humo ndani. Badala yake spika inaishindilia na kuilegeza hewa yote ya kabini kwa pamoja, na sauti nzito inaongezeka yenyewe, hasa madirisha yakiwa yamefungwa. Kwa hiyo sanduku dogo ambalo ukilisikiliza ukumbini linaonekana hafifu, ndani ya kabini linatosha. Yule anayebeba madebe matatu kabini anabeba sanduku la kuchezesha ngoma uwanjani, kisha analiweka karibu na sikio lake.

Wapo pia wanaotumia sabufa bapa, ya inchi 8, yenye amplifaya yake ndani, ambayo kimo chake ni kama sentimita 8 tu na hukaa chini ya kiti. Hiyo haishuki chini sana wala haitikisi vioo. Lakini gita la besi linasikika, na ngoma inajulikana kuwa ni ngoma. Kwa pikapu za shamba tunaona hiyo ndiyo inayofaa. Ndugu wachuma majani mnajua kwamba pikapu ile ile inayomchukua meneja asubuhi ndiyo inayomkimbiza mama mjamzito hospitali usiku, au mtu aliyeumwa na nyoka. Nyuma ya kiti chake pasiwekwe kitu kitakachozuia mgonjwa kulazwa.

GHARAMA ZISIZOONEKANA

Nafasi si gharama peke yake. Ziko nyingine nne ambazo tawi letu limeziona.

Ya kwanza ni betri. Malori mengi makubwa yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa volti 24, na amplifaya nyingi ni za volti 12. Fundi wa njiani huchukua volti 12 kutoka betri moja tu. Kazi inaonekana imekwisha, lakini betri ile moja inanyonywa na nyenzake inajazwa kupita kiasi, mpaka zote mbili zinakufa na lori linalala njiani. Kinachotakiwa ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, chenye uwezo unaolingana na amplifaya.

Ya pili ni moto. Amplifaya ya wati 300 kwa volti 12 hula ampea 25, na kwa kweli zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu ya umeme inapotea kuwa joto. Waya mwembamba utapata moto chini ya godoro la mtu aliyelala. Waya uwe mnene, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, si karibu na spika. Fyuzi iliyo mbali na betri haiulindi ule waya wote uliotangulia.

Ya tatu ni uzito. Sanduku la mbao lenye sumaku nzito, likiachwa huru, litamrukia dereva mgongoni siku ya breki ya ghafla. Lifungwe kwa bolti sakafuni, au kwa mikanda kwenye chuma cha kitanda. Kamba ya katani haitoshi.

Ya nne ni masikio. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Mawasiliano ya Simu la Kimataifa, lilitoa kipimo kwa wasikilizaji wa muziki: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unapungua kwa nusu. Kwa desibeli 89 zinabaki saa 5 tu kwa wiki nzima. Sisi wa kiwandani ambao siku nzima tunasimama kando ya mashine, masikio yetu tumekwisha kuyatumia kabla ya kupanda lori. Na dereva asiyesikia honi ya mwenzake nyuma ni hatari kwake na kwetu. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, nayo hupasua na masikio.

MAPENDEKEZO YETU

Kwa hayo yote, tawi letu limekubaliana juu ya mambo yafuatayo, na tunawaomba wenzetu wa matawi mengine wayajadili kabla ya mazungumzo yajayo na waajiri.

Kwanza, kila gari la kampuni liwe na orodha ya vifaa vya usalama iliyoandikwa na kubandikwa mlangoni: sanduku la huduma ya kwanza, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, tochi, jeki na vipande vya mbao vya kuizuia isizame kwenye udongo. Kila kifaa kiwe na mahali pake palipotajwa. Sanduku la dawa na mtungi wa moto vikae mahali ambapo mtu anaweza kuvifikia kwa mkono mmoja, akiwa gizani. Kisifungwe chochote cha orodha hii ndani ya mzigo wenye sili.

Pili, mwajiri arudishe masanduku ya chuma ya ubavuni kwa gharama yake. Hili ndilo dai letu kubwa. Sanduku moja la nje linarudisha nafasi kubwa ndani ya kabini kuliko barua kumi za makatazo.

Tatu, nafasi inayobaki baada ya orodha hiyo kutimia iwe ya wafanyakazi wanaosafiri na gari, dereva na utingo pamoja, wala si ya dereva peke yake. Utingo naye ana blanketi, naye ana masikio. Dereva akitaka kuweka sabufa, wakubaliane wote wawili.

Nne, sabufa itakayowekwa isizidi debe moja, ifungwe kwa bolti, na nyaya zake zikaguliwe na fundi umeme wa karakana kabla ya safari. Anayetaka sauti nzito zaidi katika sanduku hilo hilo aweke ndani nyuzi za kujazia mito, ambazo hulifanya liwe kana kwamba limeongezeka kidogo. Na mbao ziwe plaiwudi nzuri, kwa sababu mbao za unga wa miti zikipata unyevu wa huku kwetu huvimba, viungo vikaachia, na sauti ikaanza kukoroma.

Tano, barua ya kukataza redio ifutwe, na mshahara uliokatwa urudishwe. Kama kuna adhabu, igawanywe kulingana na kosa, na mwajiri achukue fungu lake kwa kumlipa kijana yule fidia yake kamili bila kumzungusha.

Wapo madereva watakaosema, "Sabufa ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu ya saa za ziada, nani wa kunipimia?" Tunawajibu kwa heshima. Spika ni yako, ndugu. Nafasi chini ya kitanda si yako peke yako, wala si ya kampuni peke yake. Ni ya yeyote atakayeumia usiku, na huenda akawa wewe. Sisi tunaowadai waajiri waweke maisha ya mtu mbele ya faida hatuwezi kuweka mdundo mbele ya maisha ya mwenzetu.

Dereva wetu ameiuza ile ya inchi 12. Fundi seremala wa kiwandani amemtengenezea sanduku la debe moja kwa mbao za plaiwudi, limekaa pembeni mwa kitanda, na juu yake limefungwa sanduku la dawa jeupe lenye msalaba. Jumamosi tulipanda kabini mmoja mmoja kulisikiliza. Sauti haitikisi mlango kama ile ya kwanza, lakini besi inasikika vizuri. Kijana utingo alikuwapo, mkono wake ungali na bandeji. Alisikiliza nyimbo mbili, kisha akanyoosha mkono wake mzima akafungua sanduku la dawa kuona kama lina kitu ndani. Lilikuwa limejaa.

Sanduku la chuma la ubavuni bado halijaja. Tunalingoja, na tutaendelea kuliandikia.